MBWA WA MSASI ATAFANYA KAZI GANI KWETU?

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Naomba wanisamehe, maana leo nimekuja hapa kuchagua. Tena sichagui jembe, nachagua mbwa. Mtu akinunua jembe bovu, hasara yake ni shilingi mia kadhaa na malengelenge mkononi. Lakini akileta nyumbani mbwa asiyefaa nyumba ile, watakaoumia ni wengi: mama, watoto, kuku wa jirani, na mbwa mwenyewe ambaye hakuulizwa kama angetaka kuja.

Wasomaji wapenzi, walimu wetu na wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, swali ninalolileta kwenu si la kubuni. Limezuka nyumbani kwetu, na mpaka ninapoandika halijapata jibu. Sisi twaishi upande wa Kajiado, kwenye shamba la ekari moja na nusu. Tuna mbuzi tisa, kuku, na mboga za mama. Mwaka jana wezi waliingia usiku wakaondoka na mbuzi wawili. Tangu siku hiyo baba ameshikilia kauli moja: anataka mbwa, na mbwa mwenyewe awe Ridgeback. Mjomba naye, ambaye ni dereva wa lori na hufika hadi Bunia katika mkoa wa Ituri, Kongo, amepinga. Ati yeye atatuletea basenji.

"Mbwa huyo habweki ovyo, hanuki, na chakula chake ni kidogo kama cha kuku," mjomba alisema.

"Mbwa asiyebweka ni mbwa gani, shemeji?" baba akauliza.

Basi jioni hiyo chai ilipoa vikombeni. Sisi watoto tukagawanyika, hawa kwa baba na hawa kwa mjomba, utadhani ni mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Mama alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akauliza neno moja tu: "Sawa, mmeshampata huyo mbwa. Atakuwa akifanya kazi gani hapa, na atashughulikiwa na nani?" Hakuna aliyejibu. Makala haya ni jaribio langu la kumjibu mama.

Kwanza tuwajue mbwa wenyewe. Ridgeback asili yake ni kusini mwa Afrika. Wakhoikhoi walikuwa na mbwa wa kuwinda wenye mstari wa nywele mgongoni, nywele zinazoota kuelekea kichwani badala ya mkiani. Walowezi wa Kizungu walipofika na mbwa wao wakubwa, mbegu hizo zikachanganyika. Katika miaka ya 1870, mmishenari Charles Helm aliwapeleka mbwa wa namna hiyo hadi misheni ya Hope Fountain, karibu na Bulawayo. Mwindaji Cornelius van Rooyen akawapandisha na mbwa wake ili apate mbwa wa kuwindia simba. Mwaka wa 1922 wafugaji walikutana mjini Bulawayo wakaandika sifa ambazo mbwa huyo sharti awe nazo. Nchi hiyo wakati ule iliitwa Rhodesia, na ingawa tangu mwaka wa 1980 inaitwa Zimbabwe, jina la mbwa lilibaki vile vile: Rhodesian Ridgeback. Dume huwa na kimo cha sentimita 63 hadi 69 begani na uzito wa kilo 36 hivi. Huyo si mbwa wa kubebwa kwapani!

Hapa niondoe uongo mmoja unaopendwa sana mabwenini. Kuna wenzetu wanaoapa kwamba Ridgeback humwua simba. Jameni, hakuna mbwa anayeweza kumwua simba. Kazi yao ilikuwa kumzunguka simba, kumbwekea, kumkwepa na kumzuia pale pale mpaka mwindaji afike na bunduki. Mbwa aliyejitia ushujaa akamrukia simba hakurudi kambini. Kwa hivyo sifa za Ridgeback hasa ni tatu: mbio, pumzi ya kukimbia masafa marefu, na akili ya kujua wakati wa kusonga na wakati wa kurudi nyuma. Usiku, mbwa hao hao walilinda kambi na magari ya ng'ombe. Hilo la kulinda mlikumbuke, nitalirudia.

Sasa basenji. Huyu ni mdogo: sentimita 43 kwa dume, uzito wa kilo 11 hivi. Masikio yake husimama wima, kipaji cha uso kina makunyanzi kama mzee anayefikiria karo, na mkia umejikunja juu ya kiuno kama andazi. Asili yake ni misitu ya Kongo, na mbwa wa namna yake wako pia kwa Wazande hadi Sudani Kusini. Kule msituni wawindaji hutega nyavu, kisha mbwa huingia vichakani kuwakurupusha wanyama ili wakimbilie nyavuni. Kwa kuwa habweki, mwindaji humvisha kengele ya mti shingoni ili ajue alipo. Waingereza walijaribu kuwapeleka kwao tangu mwaka wa 1895, mbwa wakafa kwa maradhi. Ilikuwa mwaka wa 1937 ambapo Bi. Olivia Burn alifaulu kuwaonyesha katika maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts, na tangu hapo wameenea Ulaya na Marekani.

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, turuhusiane kusimama kidogo kwenye jina. Hebu litamke polepole: ba-senji. Katika lugha nyingi za Kongo kiambishi "ba-" ndicho "wa-" yetu. Wenzetu wa Kongo wanaozungumza Kiswahili husema "bashenzi" pale tunaposema "washenzi". Ndilo neno lile lile! Wakoloni na vibaraka wao walilitumia kwa watu wa vijijini na mwituni, na mbwa wa watu hao akaitwa hivyo hivyo, mbwa wa washenzi. Leo mbwa huyo wa "washenzi" huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 1,000, na mwenye kumnunua humtandikia kitanda. Ama kweli dunia mzunguko!

Tukisha kuwajua, turudi kwenye swali la mama: atafanya kazi gani? Naomba msomaji asilipite swali hili mbio, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea njia. Mbwa hawa wawili ni mbwa wa msasi, na nchi yetu haina msasi tena. Serikali ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 nayo haikulegeza kamba. Ukimwachilia mbwa wako amrarue dikidiki huko Kajiado, kesi ni yako. Kwa hivyo mtu akiniambia, "Huyu ni mbwa hodari wa kuwinda," mimi namwuliza, "Amwinde nani?" Kuku wa jirani? Mtoto wa shule anayepita kwa baiskeli?

Wengine watajibu kwamba mbwa hajui sheria wala hajui yeye ni wa mbegu gani, atazoea. Aka! Mbwa aliyechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya kukimbia hawezi kuambiwa akae chini ya mwembe miaka 12 kwa sababu sisi tumebadili sheria. Ukimnyima kazi, atajitafutia. Ndiyo maana nasema tusiwapime mbwa hawa kwa sifa za kuwinda. Tuwapime kwa jambo moja: asipokuwa na windo, atabaki na kazi gani nyingine anayoiweza na sisi tunayo?

Tukimpima basenji hivyo, mambo si mazuri. Kazi yake ilikuwa kutangulia mbele ya mtu, ndani ya kichaka, akiamua mwenyewe apite wapi. Mbwa wa namna hiyo hakuzaliwa kungoja amri. Stanley Coren, mtaalamu wa saikolojia wa Kanada, alichapisha kitabu mwaka wa 1994 ambamo aina za mbwa zilipangwa kwa jinsi zinavyojifunza na kutii amri. Basenji alishika nafasi ya 78 kati ya 79. Msinielewe vibaya, mbwa huyo si mjinga. Ni kama yule mwenzetu darasani ambaye hesabu anaijua vizuri ila haioni sababu ya kuifanya. Akikosa shughuli hutafuna viatu, hufukua vitanda vya sukumawiki, na hupanda ua. Ndiyo, hupanda! Basenji anajulikana kwa kukwea seng'enge ya matundu kama paka. Kwetu tuna ua wa michongoma upande mmoja na seng'enge pande tatu. Naona huyo mgeni wa mjomba angekuwa barabarani siku ya pili, mbele ya matatu.

Na wizi je? Mgala muue na haki yake umpe: basenji si bubu. Hunguruma, hulia kwa sauti ya kupanda na kushuka kama mtu anayeimba akiwa usingizini, na mara nyingine hutoa "wuf" moja akanyamaza. Katika nyumba ya ghorofa ambako majirani wametenganishwa na ukuta mmoja, ukimya huo ni baraka. Lakini baba yangu anataka mbwa kwa sababu ya wezi wa mbuzi. Mlinzi asiyepiga kelele, mwenye kilo 11, atamfaa nini usiku wa manane? Kazi ya basenji, ile ya nyavu na kengele ya mti, haipo shambani kwetu, na sioni nyingine ya kumpa mahali pake.

Ridgeback hali yake ni tofauti kidogo. Nilisema mbwa hao walilinda kambi usiku. Kazi hiyo ingalipo, tena kwetu ndiyo inayotafutwa. Ridgeback habweki ovyo, ila akibweka watu huamka, na mwizi akisikia sauti ile huku akiona kimo kile, hufikiria mara mbili. Tena alizoea kufanya kazi karibu na mtu, kwa hivyo huwafuata watu wa nyumba yake na hupenda kuwa nao. Mtu akitembea shambani asubuhi kukagua zizi, mbwa huyo ana kazi. Watoto wakienda kisimani au dukani jioni na mtu mzima, mbwa huyo ana kazi. Kwa hivyo upande wa kazi namuunga mkono baba.

Lakini baba asianze kushangilia, bado sijamaliza. Ridgeback ana gharama zake. Mbwa wa kilo 36 hula zaidi ya mara mbili ya chakula cha mbwa wa kilo 11, na hapo mjomba alisema kweli. Makombo ya ugali na maji ya omena hayatoshi kwa mbwa anayekua mifupa. Tena huchelewa kukomaa. Katika umri wa mwaka mmoja utamwona na mwili wa mbwa mzima na akili ya kilebu, na kwa furaha tu anaweza kumwangusha mtoto wa miaka minne au bibi anayetembea na mkongojo. Mafunzo yaanze akiwa mdogo, siku ya kwanza, kwa upole na bila fimbo, kwa sababu umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimwonyesha mbuzi na kuku akiwa kilebu, kila siku, huku umemshika kamba, atawahesabu kuwa wa nyumbani. Ukingoja mpaka afikishe kilo 30 ndipo umjulishe na kuku, utakula kuku wewe na yeye.

Na mazoezi! Kila mtu anayemjua Ridgeback atakuambia anahitaji si chini ya saa nzima ya kutembea na kukimbia kila siku, mvua inyeshe jua liwake. Hapa ndipo ninapotaka kusema na ninyi wenzangu kwa uchungu kidogo.

Wengi wetu hapa ni wanafunzi wa bweni. Mwezi wa Desemba tuko nyumbani, hatuna kazi, tunaona mbwa mzuri kwenye picha au kwa rafiki, tunamlilia baba atununulie. Baba ananunua. Wiki tatu tunamtembeza, tunamwogesha, tunampa jina la mchezaji wa mpira. Januari inafika, tunafunga masanduku, tunaingia kwenye basi. Nani anabaki na mbwa? Mama, ambaye tayari ana mbuzi, shamba na kazi yake. Au kijana wa kazi, ambaye mshahara wake haukutajwa kuongezwa kwa sababu ya mbwa. Mbwa anafungwa mnyororo mchana ili asisumbue, na usiku anasahauliwa kufunguliwa. Tukirudi Aprili tunakuta mnyama mwingine kabisa: mkali, mwenye kidonda shingoni, anayezunguka mti ule ule mpaka ardhi imekuwa mtaro. Halafu ati tunashangaa, "Kwani huyu mbwa amekuwaje?" Hakuwa na ubaya wowote huyo. Alizaliwa kukimbia kilomita nyingi, tukampa mita mbili za mnyororo.

Hatari yenyewe haimwishii mbwa. Mbwa aliyefungwa maisha yake yote akikatika siku moja, humng'ata wa kwanza kukutana naye, na mara nyingi huyo ni mtoto. Na kama hakuchanjwa, tunazungumzia kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishaonekana kwa binadamu ni nadra sana mtu kupona. Karibu watu wote wanaougua ugonjwa huu duniani huambukizwa na mbwa. Chanjo ya kwanza hutolewa kilebu afikishapo miezi mitatu, kisha hurudiwa kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza, kwa kawaida kila mwaka. Na aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja dalili. Haya kila mwanafunzi ayajue hata kama kwao hawafugi mbwa.

Nitaulizwa: "Mbona wahangaika na mbwa wa watu wa mbali? Mbwa wetu wa kienyeji ana kasoro gani?" Swali hili ni zito na sitalikwepa. Kwa nyumba nyingi za wasomaji wa jarida hili, mbwa wa kienyeji ndiye jibu. Amezoea hali yetu, halishwi kwa mizani, na akilelewa vyema na kuchanjwa hulinda kama mwingine yeyote. Na tukumbuke kwamba huyo basenji wa dola 1,000 ni mbwa wa kienyeji wa Ituri, basi. Kwao, pamoja na watu wenye nyavu, hakuna mbwa wa kumshinda. Kumhamishia Kajiado ni kumtoa kwenye kazi aliyoijua na kumleta mahali ambapo atahesabiwa mharibifu. Baba yangu lakini amesema anataka mbwa mwenye kimo cha kutisha, naye ndiye mwenye boma. Mimi nimeulizwa nichague kati ya wawili.

Kuna na suala la afya, nalipitia kwa ufupi. Baadhi ya basenji hurithi ugonjwa wa figo ambao hufanya sukari na virutubisho vipotee kwenye mkojo, na dalili yake ya mapema ni mbwa kunywa maji kupita kiasi. Siku hizi kuna kipimo cha vinasaba cha kumtambua mwenye kasoro hiyo kabla ya kuzalishwa. Ridgeback naye ana yake: vilebu wengine huzaliwa na kitundu chembamba kwenye ngozi ya mgongo, kinachoweza kushuka hadi karibu na uti wa mgongo na kuingiza maradhi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba badiliko la vinasaba linaloleta ule mstari wa mgongoni ndilo huongeza hatari ya kitundu hicho. Yaani pambo linalompa mbwa jina ndilo linalomletea balaa. Uzuri wa mkakasi!

Kwa hiyo nina shauri ambalo sijasikia likitolewa nyumbani. Katika uzao wa Ridgeback huzaliwa pia vilebu wasio na mstari. Zamani wafugaji wengi waliwaua siku ya kuzaliwa kwa sababu tu hawafai maonyesho. Siku hizi wengi huwauza kwa bei nafuu kama mbwa wa nyumbani. Moyo wao ni ule ule, mbio zao ni zile zile, sauti ni ile ile. Mwizi hatakuja na tochi kumulika mgongo wa mbwa kwanza! Baba anayetafuta mlinzi na wala si tuzo, amwulize mfugaji: "Una asiye na mstari?" Hapo ataokoa fedha, na pengine maisha ya mbwa pia.

Basi maoni yangu ni haya. Kati ya hawa wawili, kwa nyumba yenye shamba, mifugo na watu wanaoamka mapema, Ridgeback ndiye wa kuchaguliwa, kwa sababu moja ya kazi zake za zamani ingalipo kwetu. Basenji anaweza kumfaa mtu wa ghorofa asiye na mifugo, mwenye muda na subira nyingi, na ambaye yuko tayari kukimbia naye kila siku akiwa amefungwa kamba. Kwetu hapana. Lakini uchaguzi huo wa Ridgeback nauwekea masharti manne, na sharti moja likikosekana, heri tusichukue mbwa kabisa. Tuongeze taa kwenye zizi na kufuli mlangoni, gharama yake ni ndogo.

Sharti la kwanza, ua ukamilike kabla ya mbwa kufika, na asifungwe mnyororo mchana kutwa. La pili, mtu mzima mmoja anayelala nyumbani muhula mzima, si mwanafunzi wa bweni, akubali kwa kinywa chake kumtembeza kila siku. La tatu, fedha za chakula na chanjo zitengwe kama karo inavyotengwa. La nne, mbwa afunzwe kukaa na mbuzi, kuku na wageni tangu akiwa kilebu. Na tusiwasahau majirani. Tunao majirani Waislamu ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, na wengine ambao huogopa mbwa tu. Jirani asije akashindwa kupita njia yake kwa sababu sisi tumeibiwa mbuzi wawili.

Mjomba wangu, nakuheshimu na safari zako nazipenda. Ukirudi Bunia utuletee hadithi za basenji, lakini mwenyewe mwache na watu wake. Baba yangu mpendwa, najua jarida hili utalinunua Siku ya Wazazi kama kila mwaka, na utafika ukurasa huu. Sikupingi. Naomba tu kwamba kabla ya kumpigia simu mfugaji, ukae na mama mwandike pamoja jina la mtu atakayeshika kamba ya mbwa saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu ya muhula wa kwanza, sisi sote tukiwa shuleni. Likipatikana jina, karibu Ridgeback. Lisipopatikana, mama atakuwa amejibiwa.